Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Habari za Daktari Atiman wa Karema

Wazee wetu wametuachia mithali mbili juu ya mgeni, na mtu akizisikia kwa haraka atadhani zapingana. Ya kwanza yasema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ya kwanza yamfungulia mgeni mlango, kwa maana huenda amechukua dawa mkobani mwake. Ya pili yamkumbusha ya kuwa mtu hawezi kuwa mgeni daima, na kwamba siku yaja ambayo yampasa kushika kazi ya nyumba pamoja na wenyeji. Katika karatasi hizi nataka kueleza habari za mtu mmoja aliyezitimiza mithali zote mbili kando ya Ziwa letu la Tanganyika, kisha tulipime kwa kipimo chake jambo moja la siku zetu.

Jambo lenyewe ni hili. Siku hizi Wakristo wa nchi za mbali hufanya safari fupi za uganga. Hukusanyika madaktari na wauguzi, huomba likizo makazini kwao, hubeba dawa na vyombo, hupanda ndege, hukaa katika nchi ngeni juma moja au mawili wakitibu watu bila malipo kwa ajili ya Kristo, kisha hurudi kwao. Watu huwapokea kwa nyimbo na vigelegele, na ndivyo ipasavyo. Lakini tuna haki kuuliza, pasipo ubaya wala utovu wa shukrani: Je, safari ya namna hiyo yamponya mwenyeji kwa kiasi gani? Na ndege ikiisha kuruka, hubaki nini?

Historia ya nchi yetu yaweza kujibu. Wagonjwa wengi wa Ufipa hupelekwa katika hospitali ya Jimbo mjini Sumbawanga, iitwayo kwa jina la Dk. Atiman. Jina hilo twalitaja kama tutajavyo jina la mto au la soko. Lakini Atiman si jina la Kifipa wala la Kizungu, na wengi walitajao hawajui lilitoka wapi. Basi tuanze mbali kidogo, tupate kulielewa.

1. Waganga waliotangulia

Miongoni mwa waganga wa Kikristo wa kwanza kukanyaga nchi ya Wafipa alikuwa David Livingstone, aliyehitimu uganga huko Glasgow mwaka 1840. Twamjua sana kwa safari zake, na mara nyingi twasahau ya kuwa alikuwa daktari. Mwezi wa Januari 1867, alipokuwa akisafiri katika nchi iitwayo leo Zambia, sanduku lake la dawa lilichukuliwa na wachukuzi waliotoroka, na tangu siku hiyo mganga mwenyewe akawa mgonjwa asiye na dawa. Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871, alimkuta amedhoofika sana. Mwaka 1872, baada ya kuagana na Stanley, aliondoka upande wa Tabora akafika tena Ziwani mwezi wa Oktoba, akaufuata ufuko kuelekea kusini, chini ya milima yetu ya Ufipa. Tarehe 1 Mei 1873 akafa kijijini kwa Chitambo. Vijiji vya ufukoni vilimwona akipita, havikumwona akirudi. Hatusemi hayo kwa kumlaumu, kwa maana kazi aliyojiwekea ilikuwa kutafuta chemchemi za mito na kutangaza duniani ubaya wa biashara ya watumwa. Twasema tu ya kuwa mgonjwa aliyebaki nyuma yake alibaki kama alivyokuwa.

Baadaye alikuja mwingine, Dk. Ebenezer Southon, wa Chama cha Misioni cha London. Huyu hakupita tu. Alikaa Urambo tangu mwaka 1879, akapata urafiki wa Mtemi Mirambo mwenyewe, akatibu watu wengi wa Unyamwezi. Lakini mwaka 1882 bunduki ililia kwa bahati mbaya ikamvunja mkono. Mkono ulipoharibika ikalazimu kuukata, na hapakuwa na mganga mwingine karibu. Mmisionari mwenzake, ambaye hakuwa mganga, akaukata. Southon akafa mwezi wa Julai mwaka ule ule. Angalieni, ndugu zangu: katika nchi nzima ile, mtu aliyejua kumponya Southon alikuwa Southon peke yake. Elimu yake ilikuwa kichwani mwake na mikononi mwake, ikazikwa pamoja naye.

2. Shauri la Kardinali Lavigerie

Mambo ya namna hiyo yalimsumbua sana Kardinali Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868. Mwaka 1878 alituma msafara wa kwanza wa wamisionari wake kwenda nchi za maziwa makuu. Padre Pascal, mkubwa wa kundi la Tanganyika, alikufa njiani mwezi wa Agosti, hajaliona Ziwa. Wenzake wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Mwaka 1881 wamisionari watatu wakauawa Rumonge, katika nchi ya Burundi. Na wale waliookoka mikuki na mishale, homa iliwangoja. Askofu Bridoux aliwekwa kuwa askofu wa nchi hizi za Tanganyika mwaka 1888, na mwaka 1890 alikuwa amekwisha kufa.

Kardinali akafikiri hivi. Mzungu aletwaye Afrika kuwa mganga huenda akafa upesi. Na asipokufa, huenda akaishi mbali na watu, kwa chakula chake na nyumba yake na desturi zake. Lakini Mwafrika aliyefundishwa uganga ataweza kuingia katika kila nyumba. Ataoa, atalima, atakula wanachokula watu, atasema wanavyosema, na watoto wake watacheza pamoja na watoto wao. Tena mtu wa dawa hukaribishwa hata pale ambapo mhubiri hajakaribishwa bado. Hivyo alitaka wawepo walimu wa dini ambao papo hapo ni waganga: wasiwe mapadre wala watawa, bali watu wa ndoa, wakae kati ya watu kama chachu katika unga. Kwa Kardinali, kazi ya Wazungu katika Afrika ilikuwa ya kuanzisha tu. Kazi ya kudumu ilikuwa ya Waafrika wenyewe.

Kwa sababu hiyo mwaka 1881 alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, kilicho katikati ya bahari, baina ya Ulaya na Afrika. Humo akawaweka vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, wakasome uganga katika Chuo Kikuu cha Malta. Mmoja wao alikuwa Atiman.

3. Mtoto wa Tundurma

Atiman alizaliwa kadiri ya mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa mtoto mdogo Watuareg walimkamata, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara pamoja na wafanya biashara. Sisi wa Afrika ya Mashariki, tukisikia neno utumwa, twafikiri njia ya Ujiji na Tabora na Bagamoyo. Tukumbuke ya kuwa upande wa magharibi ilikuwako njia nyingine iliyopita kwenye mchanga, na mifupa iliyolala kando yake haihesabiki.

Akafika Metlili, katika jangwa la Algeria. Hapo mwaka 1876 Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha, akiwa na umri wa miaka kama 10. Wakampeleka shuleni Algiers pamoja na watoto wengine waliokombolewa. Akabatizwa, akapewa jina la Adrian, kisha akapelekwa Malta. Huko alisoma hata mwaka 1888: habari za mwili wa mwanadamu, maradhi, dawa, na kazi ya kupasua.

Mtu wa leo ataweza kuuliza: Je, mtoto aliyekombolewa, akalelewa na kulishwa na misioni, alikuwa na uhuru kweli wa kuchagua kazi yake? Swali hili ni la haki, wala tusilifunike. Yeye hakuchagua kuvuka Sahara, wala sidhani kama mtoto wa miaka 10 aliulizwa sana juu ya kuvuka bahari. Chuo chenyewe cha Malta hakikudumu. Karne ile ilikuwa haijaisha nacho kilikuwa kimekwisha kufungwa. Lakini ngojeni kwanza, tuone mtu huyo alifanya nini alipokuwa mtu mzima na mbele yake pana njia nyingi.

4. Karema

Mwaka 1888 Atiman aliondoka Malta, akaungana na msafara wa wamisionari waliokuwa wakienda Tanganyika. Mwaka huo huo pwani yetu iliwaka moto, kwa maana Abushiri na wenzake waliinuka juu ya Kampuni ya Wadachi. Toka pwani hata Ziwani hapakuwa na reli wala gari. Watu walikwenda kwa miguu miezi mingi, mizigo vichwani. Mwaka 1889 akafika Karema.

Karema iko ufukoni mwa Ziwa, kaskazini ya Ufipa, katika Mkoa wa Katavi wa leo. Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga ngome pale mwaka 1879 kwa ajili ya chama cha Mfalme Leopold, na mwaka 1885 mahali pale pakatiwa mikononi mwa Mapadre Weupe. Siku zile vijiji vingi vya Ziwani vilikuwa vikikimbia watekaji wa watumwa, na watu walikusanyika karibu na misioni kutafuta kimbilio. Fikirini basi: mtu ambaye mwenyewe aliibiwa akiwa mtoto kando ya mto Niger amefika kando ya Tanganyika, akakuta watoto wengine wamekombolewa katika msiba ule ule. Kati yao na yeye hapakuwa na lugha moja wala kabila moja, lakini palikuwa na kovu moja.

Akaanza kazi. Asubuhi na jioni alitibu, tena alikuwa katekista, akawafundisha watu dini. Maradhi ya nchi zile yalikuwa mengi: homa, ndui, buba, kuhara damu, vidonda visivyopona, majeraha ya silaha na ya wanyama, na mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ukaingia kando ya Ziwa, ukaangamiza watu. Dawa za Ulaya zilikuja kwa misafara, na msafara ukichelewa sanduku lilibaki tupu. Nadhani hakuna mtu awezaye kutibu katika hali hiyo mwaka baada ya mwaka asijifunze miti na mizizi ya mahali, na kuwasikiliza wazee waijuao.

Atiman alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa watawala wa Wabende. Hapo mgeni akawa mkwe. Na mkwe, ndugu zangu, hawezi kufunga mizigo yake usiku akaenda zake. Mwana wao Yosefu akapewa upadre mwaka 1923.

Miaka ikapita. Alipofika Karema, serikali ya Wazungu ilikuwa haijashika ufuko ule. Akawaona Wadachi wakija na kujenga boma lao la Bismarckburg, ndiyo Kasanga yetu. Akaiona Vita Kuu ya mwaka 1914 hata 1918. Akawaona Waingereza wakitawala Tanganyika. Maaskofu walibadilika, mapadre walizikwa na wengine wakaja, naye alikuwapo. Habari za maisha yake alizieleza mwenyewe, zikachapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Akafa Karema mwaka 1956, akiwa mzee wa miaka kama 90. Alikuwa ametumikia pale miaka 67.

Sasa lile swali tuliloliacha laweza kujibiwa. Mtu aweza kupelekwa mahali asipopenda, naam, hata akapelekwa na watu wema. Lakini mtu mzima mwenye elimu ya uganga, ambayo ingeweza kumpa riziki njema katika mji wowote wa pwani, hawezi kukaa mahali pamoja miaka 67 bila kupachagua mwenyewe, tena si mara moja, bali kila mwaka upya.

5. Jembe la mgeni

Je, Atiman alikuwa mganga mkubwa kuliko madaktari wa leo? Hasha. Muuguzi kijana wa zahanati zetu ana dawa ambazo Atiman hakuziota usiku alipofika mwaka 1889. Ukubwa wake ulikuwa katika kukaa. Kwa kukaa alimjua mgonjwa kabla ya ugonjwa. Alijua ni nyumba ipi yenye njaa, ni mama yupi aliyepoteza watoto wawili, ni mzee yupi asemaye amekunywa dawa kumbe ameitupa. Kwa kukaa aliweza kurudi kesho kulitazama donda alilolifunga leo. Kwa kukaa aliweza hata kukosea, akaliona kosa lake, akajifunza. Mganga apitaye haoni matunda ya mkono wake, yawe mazuri au mabaya.

Hapo ndipo twaona ilivyo kweli mithali ya jembe. Siku mbili mgeni hupumzika na kula. Siku ya tatu, akishika jembe, huacha kuwa mtu wa kutazamwa, akawa mtu wa kutegemewa.

Tena kazi hiyo ilitangulia wakati wake. Serikali ya Waingereza ilianza kuweka madresa katika zahanati za wenyeji mwaka 1926. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12 tu, kama alivyozoea kutukumbusha Mwalimu Nyerere, na chuo cha kufundisha madaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Kumbe kando ya Ziwa letu Mwafrika aliyesoma uganga chuoni alikuwa akitibu watu tangu mwaka 1889.

6. Msamaria na mwenye nyumba ya wageni

Je, basi tuwaambie wageni wa majuma mawili wasije? La, hatusemi hivyo. Kuna mfano katika Injili ambao sote twaufahamu tangu shule ya kwanza. Msamaria Mwema hakuwa mwenyeji wa njia ile ya Yeriko. Alikuwa msafiri mwenye shughuli zake. Alikaa na mgonjwa usiku mmoja tu, na kesho yake akaenda zake. Safari yake ya huruma ilikuwa fupi kuliko hizi zote tunazozisema! Lakini angalieni alivyofanya. Alimfunga majeraha kwa mafuta na divai, vitu alivyokuwa navyo. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka mahali palipo na mtu wa kudumu. Alimpa yule mtu fedha za kumtunza. Akaahidi kurudi na kulipa yaliyozidi. Kila mwaka twamhubiri Msamaria, na ni haki yake. Lakini mwenye nyumba ya wageni twamsahau, naye ndiye aliyeosha vile vidonda siku ya pili na ya tatu na ya kumi. Bila huyo, Msamaria angekuwa amemhamisha mtu yule tu, afie penginepo.

Kuna kazi ambazo msafiri aweza kuzifanya vizuri sana. Mtoto wa jicho huweza kuondolewa kwa muda usiofika saa moja, na kesho yake kizee aliyeongozwa kwa fimbo akamwona mjukuu wake. Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka hushonwa akawa kama wenzake. Kazi hizo zataka mkono wa fundi hasa, na fundi wa namna hiyo hapatikani katika kila wilaya. Mwaka 1957, yaani mwaka mmoja baada ya Atiman kufa, madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha kazi ya madaktari warukao kwa ndege, ambayo leo yajulikana kwa jina la AMREF, ili mafundi wa kupasua waweze kuzifikia hospitali za mbali za Afrika ya Mashariki. Hao nao walitambua ya kuwa kuruka peke yake hakutoshi, wakaanza kuwafundisha wauguzi na waganga wa mahali.

Lakini kuna maradhi yasiyojali likizo ya mtu. Kifua kikuu chataka dawa za miezi 6 pasipo kukatiza. Kisukari na shinikizo la damu hudumu na mtu maisha yake yote. Ukimpa mgonjwa vidonge vya mwezi mmoja ukaenda zako, umemponya mwezi mmoja. Mama mjamzito ataka kupimwa mara nyingi, na mtoto hachagui kuzaliwa katika juma la wageni. Hata yule aliyepasuliwa vizuri Jumatatu ataka mtu wa kumtoa nyuzi baada ya siku kadhaa, na mtu wa kumtazama homa ikipanda usiku. Msafiri akifanya kazi yake bila mtu wa kupokea mkononi mwake, amejenga nusu ya daraja.

Tena iko hasara nyingine, nayo ni yetu sisi wenyeji. Watu wakisikia kwamba wageni watakuja mwezi ujao, huacha kwenda zahanati, wakakaa na ugonjwa wao nyumbani wakingoja. Wengine humdharau muuguzi wa kijiji wakisema, huyu ni wa hapa hapa tu, ajua nini? Nao wageni wakiisha kwenda, humrudia yule yule waliyemdharau, usiku wa manane, mvua ikinyesha, naye huwafungulia. Je, hiyo ni haki? Dawa ya mgeni ikiivunja heshima ya mganga akaaye, basi mgeni amekuja na mwenyeji hakupona.

7. Yatupasayo

Mambo manne nadhani yatupasa, na yote yametoka katika habari hizi.

La kwanza, mgeni aje kwa kuitwa. Waulizwe kwanza waganga wa hospitali na wa wilaya ni kazi ipi iwashindayo, ndipo wageni waletwe kwa kazi hiyo. Sheria ya nchi nayo yataka daktari mgeni aandikishwe kwa muda na Baraza la Madaktari kabla ya kugusa mgonjwa, na Mkristo asidhani ya kuwa nia njema yamwondolea sheria.

La pili, kila mgeni na asimame bega kwa bega na mwenyeji, ili akienda aache elimu pamoja na dawa. Dawa huisha, elimu ikiisha kuingia katika mikono ya muuguzi wetu, itatibu hata wajukuu. Tusikubali tena iwe kama Urambo mwaka 1882, elimu yote imo katika mtu mmoja.

La tatu, tuwaheshimu wakaao. Muuguzi aliyekubali kuishi kijijini, mbali na mji, mahali ambapo barabara hukatika wakati wa masika, yu karibu na Atiman kuliko sisi tunaotaja jina lake kila siku. Tumsaidie nyumba, maji na kuni, tumpe salamu ya heshima, na tumlipe tunachopaswa kulipa.

La nne, nalo ndilo tunalolisahau zaidi, sisi wenyewe tutume watu. Tumezoea kudhani kwamba mmisionari wa dawa lazima avuke bahari kutoka Ulaya. Kumbe yule aliyetibu ufuko wetu miaka 67 alikuwa mtu mweusi, mwana wa mto Niger, mgeni wa kweli katika nchi hii, kwa maana toka Tundurma hata Karema ni mbali kuliko toka Karema hata Cape Town. Afrika ilimtuma Mwafrika kwa Waafrika, zamani za babu za babu zetu. Basi vijana wetu wa Ufipa waliosoma uuguzi na udaktari wasione ni ajabu kuitwa kwenda bonde la Rukwa, au Kongo ng'ambo ya Ziwa, au mbali zaidi, kwa juma au kwa maisha. Nasi wazazi tusiwazuie kwa kusema, Tumekusomesha ili ukae mjini.

Kiti cha Jimbo kilihamishwa kutoka Karema kikaletwa Sumbawanga mwaka 1969, na jina la mzee huyo likaja kukaa nasi huku milimani juu ya mlango wa hospitali. Watoto wakiuliza, Atiman ni nani? tusiwajibu tu, Ni hospitali. Tuwaambie: Alikuwa mtoto aliyeibiwa, akakombolewa, akasoma, akaja kwetu akiwa mgeni, siku ya tatu alipewa jembe, naye hakuliweka chini mpaka alipokufa. Na mgonjwa aliyepona kwa mkono wa mgeni, akipata nguvu, naye na aende kuwa mgeni mwema kwa wengine.